Jino Lililoagwa kwa Bendi

Jumanne, tarehe 9 Aprili. Asubuhi hiyo Redio ya Taifa ilitangaza jua kali katika mikoa yote ya Jamhuri ya Utulivu, na mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Raia watiifu walitoka bila miavuli. Walilowa, lakini walilowa kwa nidhamu, na walipokutana njiani walijipepea kwa viganja na kuambiana, "Joto la leo, jamani!"

Sifrosa alikuwa mtiifu kuliko wengi wao. Alikuwa mjane, fundi cherehani wa mji mdogo wa Lisenga ulioko mpakani, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya akina mama, na mwanafunzi wa masomo ya jioni ya watu wazima, ambako alikaa dawati la mbele na kunyoosha kidole hata mwalimu alipouliza nani amechukua chaki. Watu walimwita Mama Ahimidiwe, kwa jina la binti yake. Aliposikia redio ikisema jua, alitoka uani na beseni, akaanika kambani kitu cha thamani kuliko vyote vilivyowahi kupita kwenye cherehani yake: utepe mwekundu wa Serikali. Kisha akasimama kando yake mvuani, akisubiri ukauke.

"Bwana," aliomba, maji yakimchuruzika puani, "redio haiwezi kusema uongo. Basi mwenye kasoro ni mimi ninayeona mvua. Nifumbue macho."

Alikuwa na ombi lingine pia, zito zaidi, lakini hilo aliliomba kwa kunong'ona, kwa sababu jirani alikuwa akikinga maji ya mvua karibu na ukuta. Siku hiyo Sifrosa alikuwa anavuka daraja kwenda nchi ya Ng'ambo kufanyiwa upasuaji mdogo wa kizazi, na mji mzima ulijua kwamba anakwenda kung'olewa jino.

*

Ili msomaji asipate taabu, tuanze na utepe.

Hospitali ya Lisenga ilikuwa na chumba kizuri cha upasuaji. Kilijengwa wakati Ahimidiwe yuko shule ya msingi, na sasa Ahimidiwe alikuwa na watoto wanaokwenda shule hiyo hiyo. Ndani yake kulikuwa na kitanda cha kupanda na kushuka, taa kubwa kama sinia la harusi, na vyombo vyote bado vikiwa kwenye nailoni zake. Hakuna mgonjwa aliyewahi kuingia humo. Mlangoni palikuwa pamefungwa utepe, na utepe haukatwi ila na mgeni rasmi, na mgeni rasmi aliyetajwa kwenye barua ya mwaliko alikuwa Mheshimiwa Waziri wa Afya. Siku ya uzinduzi Mheshimiwa alikuwa nje ya nchi akitibiwa goti la kulia. Mwaka uliofuata alikwenda kutibiwa goti la kushoto, lililoumia kwa kubeba kazi za lile la kulia. Baada ya hapo magoti yalipokezana zamu.

Kupita chini ya utepe kulikatazwa, kwa kuwa ilikuwa ni dharau kwa utepe. Polisi mmoja aliwekwa kuulinda. Madaktari waliopangiwa chumba hicho walikaa nje kwenye benchi, wamevaa glavu, hadi glavu zikaisha, na baadaye madaktari nao wakaisha.

Hapo ndipo Sifrosa alipoingia katika historia ya nchi. Utepe wa kwanza, wa hariri nyepesi ya dukani, ulichanika wenyewe kwa upepo baada ya miezi michache, na kwa nusu siku mlango ulikuwa wazi, hali iliyowatisha viongozi sana. Wakatafuta fundi. Sifrosa alishona wa pili kwa pindo la kushonwa mara mbili. Panya walipoutafuna, akashona mwingine, na huo akautia turubai ndani. Tangu hapo kila mwaka aliushona mpya au kuufua na kuupiga pasi ya mkaa, huku polisi akisimama mlangoni badala yake, na yeye akiimba zaburi, na hakuna panya, mchwa wala kimbunga kilichoweza kuupunguza hata uzi mmoja. Alipewa cheti cha uzalendo. Alikitundika juu ya kitanda, mahali palipokuwa na picha ya harusi, akaisogeza picha ya marehemu karibu na dirisha ili ipate hewa.

"Suruali yako itangoja," aliwaambia wateja. "Mimi niko kwenye mali ya taifa."

Kila mwaka alipokwenda kupima mlango, afisa alimsomea Kanuni za Sherehe kwa sauti, akiwa amesimama wima, na Sifrosa, kwa kupenda kwake masomo, alizikariri. Kanuni aliyoipenda zaidi ilikuwa ile iliyosema: Mgeni rasmi ni mtu yeyote anayepokewa kwa bendi akitokea nje ya nchi. Aliona ni sentensi fupi, iliyonyooka, iliyopigwa pasi.

*

Sasa tuje kwenye jino.

Damu ilianza kumtoka Sifrosa kidogo kidogo, katika umri ambao yeye alijua shughuli hiyo ilikwisha kufungwa rasmi. Alidhani ni jaribu, akafunga na kuomba. Kufunga kukamletea kizunguzungu, na kizunguzungu kikamfanya ashone mkono wa gauni mahali pa shingo. Mteja alipolalamika ndipo Sifrosa alipokwenda kwa nesi wa zahanati.

"Ni kinyama tu, mama," nesi alisema baada ya kumwangalia. "Kidogo kama punje ya haragwe. Kimening'inia kwenye mlango wa kizazi. Kinatolewa haraka, kinapelekwa kupimwa tuhakikishe ni kinyama kisicho na ubaya, na wewe unarudi nyumbani kwa miguu yako."

"Kinatolewa wapi, mwanangu?"

"Kwenye chumba cha upasuaji."

"Kile chenye utepe?"

"Hicho hicho."

Wote wawili waliinamisha vichwa kwa heshima.

"Nikingoja goti la Mheshimiwa lipone?"

"Mama, ukiendelea kutoka damu hivi, mwakani hutakuwa na damu ya kumtosha hata mbu."

Sifrosa alitembea kwenda nyumbani akijitahidi kuelewa. Kuelewa hakukuwa rahisi. Kitabu cha sayansi cha masomo ya jioni kilikuwa na mchoro mzuri wa ua, nao Sifrosa aliujua wote, kuanzia chavua hadi ovari, angeweza hata kulihudumia ua likiumwa. Lakini ukurasa uliofuata, wa mwili wa mwanamke, ulikuwa umebandikwa kwa gundi na Wizara ya Maadili. Sifrosa aliishukuru Wizara siku ile ya kwanza. Alisema mbele ya darasa zima kwamba gundi ile ni baraka. Sasa alitamani kuichemshia maji.

Alisikia kwamba katika mji mkuu kulikuwa na hospitali ya binafsi iliyotoa vinyama kwa bei ya fahali. Ng'ambo, hatua chache baada ya daraja, kliniki moja ilitoa kwa bei ya mbuzi, na si mbuzi aliyenona. Sifrosa alikuwa na mbuzi. Jambo lingeishia hapo, kama si sheria.

Zamani wananchi wa Utulivu walinung'unika kwamba wakubwa hutibiwa nje na wadogo hufia ndani. Serikali sikivu ilikaa, ikatafakari, ikakiri kwamba huo ni ubaguzi, ikauondoa mara moja. Ilitunga Sheria ya Usawa, kwamba mwananchi yeyote anayekwenda kutibiwa nje, awe mkubwa au mdogo, ataagwa kwa bendi na hotuba kama Waziri, ugonjwa wake utatangazwa ili taifa zima limwombee, na akirudi atapokewa kwa bendi vilevile. Wananchi walishangilia. Nauli na matibabu kila mtu alijitegemea.

Kwa hiyo Sifrosa akajikuta mbele ya meza ya Bwana Lwitiko, Afisa wa Kuaga Wagonjwa wa Wilaya, kijana mrefu mwenye suti nzito na sauti nzito zaidi. Nyuma ya Sifrosa, kwenye benchi, walikaa wanakwaya wenzake waliokuja kumpa moyo, wakiongozwa na mwenyekiti wao, Mama Yusta, mwanamke ambaye hata akinong'ona kuku hukimbia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Haya, unaumwa nini, ili taifa lijue?"

Sifrosa alifumbua mdomo. Ukutani, picha ya Mheshimiwa ilimtazama, magoti yote mawili yamefungwa bandeji. Alimwomba Mungu ampe neno. Neno lililokuja halikutoka kwa Mungu.

"Jino," alisema.

"La juu au la chini?"

"La chini," alijibu Sifrosa, akaona kwamba hapo angalau amepunguza uongo.

"La mbele au la nyuma?"

"Liko katikati katikati, baba. Huwezi kuliona ukiwa umesimama."

"Pole sana, mama," Bwana Lwitiko alisema. "Ni vizuri umesema jino. Mwezi jana tumeaga mabega mpaka bendi imechoka. Takwimu za Wizara zinaonyesha wanawake wa Utulivu wanaongoza duniani kwa maumivu ya bega."

"Ni kubeba ndoo," Mama Yusta alisema kutoka kwenye benchi, haraka kidogo. Yeye mwenyewe aliwahi kuagwa kwa bega, mwaka uliopita.

*

Basi Jumanne hiyo ya jua kali, Sifrosa aliupiga pasi utepe uliolowa hadi moshi ukatoka, akamkabidhi polisi, na polisi akaufunga mlangoni. Sherehe ya kuaga ilifanyika papo hapo, kwenye baraza ya chumba cha upasuaji, kwa sababu ndiyo pekee hospitalini iliyokuwa na sakafu nzuri. Sifrosa alikalishwa kwenye kiti, mgongo wake ukigusa utepe. Kila alipoegemea, utepe ulimrudisha mbele. Alijivunia uimara wake.

Bwana Lwitiko alipanda kwenye kreti ya soda.

"Ndugu wananchi! Jino la mama huyu si jino lake peke yake. Ni jino la taifa! Kwa jino hili ametafuna ugali wa nchi hii. Kwa jino hili amekata nyuzi za utepe huu mnaouona. Adui wa jino hili ni adui wa Utulivu! Nenda, jino! Nenda ukang'oke kwa heshima, na pengo lako likawe dirisha la maendeleo!"

Bendi ilipiga. Tarumbeta zilikuwa zimejaa maji ya mvua, zikatoa sauti ya bata, na watu walilia kwa uchungu. Kisha kwaya ikaimba wimbo uliotungwa mahsusi, na Sifrosa, kwa mazoea, akajikuta akiimba sauti ya pili: "Ewe jino, umetuumiza, Bwana atakuzoa." Alijisikia vibaya sana. Alikuwa amewahi kumdanganya mteja kuhusu siku ya kumaliza gauni, kama mafundi wote. Lakini hakuwa amewahi kuimbiwa uongo wake na kwaya nzima, halafu yeye mwenyewe akaupangia sauti.

Walianza kumsindikiza kuelekea darajani. Hapa lazima nieleze desturi. Katika Utulivu msindikizaji hageuki mpaka msafiri amwambie, "Rudini sasa, inatosha." Na msafiri mwenye adabu hasemi hivyo, kwa sababu ni kama kuwaambia watu kwamba umewachoka. Kwa kawaida msindikizaji mmoja mwenye busara hujifanya amekumbuka sufuria jikoni, na wote huokolewa. Siku hiyo, kwa kuwa safari ilikuwa ya kitaifa, hakuna aliyethubutu kukumbuka sufuria.

Walipofika darajani Sifrosa alisimama. Wote wakasimama. Alikohoa. Wote wakamtazama kwa upendo.

"Basi, wapendwa..." alianza.

"Ndiyo, mpendwa," kwaya iliitikia.

"Mvua... yaani, jua hili litawaumiza."

"Tutavumilia, Mama Ahimidiwe!" Mama Yusta alipaza sauti. "Tukuache peke yako na jino? Sisi ni watu gani?"

Sifrosa alitazama mbele. Upande wa pili wa daraja paa la kliniki lilikuwa linaonekana. Alijua kilichoandikwa mlangoni. "Sema mwenyewe, Bwana," aliomba moyoni, "wewe una mamlaka. Waambie warudi." Bwana hakusema kitu. Sifrosa alisubiri kwa imani mpaka miguu ikamfa ganzi, kisha akaanza kuvuka, na kwaya, bendi, afisa na kreti ya soda wakavuka naye. Walinzi wa Ng'ambo walifungua kizuizi bila kuuliza. Walizoea. Walijua Utulivu ni nchi inayopeleka wagonjwa wake nje kwa muziki.

*

Kwenye mlango wa kliniki paliandikwa kwa herufi ambazo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza wa masomo ya jioni angezisoma: KLINIKI YA KIZAZI NA MAGONJWA YA AKINA MAMA.

Bendi ilinyamaza chombo kimoja kimoja. Bwana Lwitiko alisoma kibao, akakisoma tena. Sifrosa alisubiri ardhi ipasuke. Ardhi ya Ng'ambo, kama huduma zake nyingine, ilikuwa madhubuti.

Hatimaye afisa aligeuka kwa wenzake, uso wake uking'aa kwa ufahamu.

"Mnaona wenzetu walivyoendelea?" alisema. "Jino wanalifikia kwa chini!"

"Ooo," walisema wapiga tarumbeta, na mmoja wao akakaza mkanda wake.

Waliingia wote. Benchi la kungojea halikutosha, ngoma kubwa ikawekwa katikati na watu wawili wakaikalia. Sifrosa alijibana pembeni, akaweka mkono shavuni, kama mtu anayeumwa jino kweli. Alikuwa amefanya mazoezi mbele ya kioo.

Mlango wa ndani ulifunguliwa. Nesi mwenye aproni ya buluu alitoka, akatazama bendi bila kushangaa, akaita kwa sauti ile ile ambayo mama lishe huitia chai na maandazi:

"Sifrosa! Sifrosa wa kinyama cha mlango wa kizazi!"

Mkono wa Sifrosa ulishuka polepole kutoka shavuni, ukatua mapajani, kama bendera inayoshushwa jioni. Alisubiri kicheko. Alikuwa tayari kukipokea kama adhabu, na alikuwa ameshaanza kuchagua zaburi ya kukipokelea. Lakini nesi hakuwa amemaliza. Macho yake yalikuwa yamefika kwenye benchi la kwaya.

"Haa! Mama Yusta! Umekuja kuangaliwa? Vipi, tangu tulipokutoa kile chako, damu imekata?"

Mama Yusta, ambaye sauti yake hukimbiza kuku, alijibu kwa sauti ambayo kuku wangeisogelea waisikie.

"Imekata, dada. Asante."

"Na wewe mama wa kitenge cha kijani, nakujua! Na wewe hapo nyuma ya ngoma, usijifiche."

Kwaya ilianza kutazamana. Sifrosa alimgeukia Mama Yusta.

"Bega?" aliuliza.

"Bega," Mama Yusta alikiri.

"Na sikio lako, Melania, tuliloliombea siku tatu?"

"Ndilo hilo hilo, mpendwa," alisema wa kitenge cha kijani.

"Jamani! Mimi nilifunga kwa ajili ya sikio lako! Nilikosa mpaka pilau ya ubatizo!"

"Maombi yalifika," Melania alisema kwa unyonge. "Mungu aliyashusha tu mahali panapohusika."

Aliyekuwa wa kwanza kucheka ni Sifrosa. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kwaya ikamfuata, sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu, na wapiga tarumbeta wakatazama viatu vyao.

*

Daktari wa kliniki aliitwa Bupe, mwanamke mnene kidogo mwenye mikono mitulivu. Alimlaza Sifrosa, akamweleza kila atakachofanya kabla ya kukifanya, na alipokuwa akiandaa vyombo alimwuliza, ili kumtoa hofu, "Mama unatoka upande gani wa Utulivu?"

"Lisenga, daktari."

Mikono ilisimama kidogo. "Na mimi nilipangiwa Lisenga. Nilikaa nje ya chumba cha upasuaji, kwenye benchi, mpaka makalio yakachora alama. Ule utepe bado upo?"

"Upo," Sifrosa alisema, na kwa sekunde moja, Mungu amsamehe, alijivuna.

"Ajabu! Unajua, sisi madaktari tulikuwa tunauombea uoze. Hatukuwa na ruhusa ya kuukata, lakini hakuna kanuni inayokataza utepe kukatika wenyewe. Wa kwanza ulichanika, nikaingia mbio, nikawatibu wanawake wawili kabla hawajaleta mwingine. Tukasema haidhuru, huu nao utaoza. Wapi! Kuna fundi mmoja huko, sijui ni mtu wa namna gani. Anatia turubai ndani. Turubai, mama! Panya wenyewe walikata tamaa kabla yetu. Nyoosha mguu kidogo. Hapo. Siku nilipoona ile turubai ndipo nilipofunga mzigo wangu nikavuka daraja."

Sifrosa alikodolea dari macho. Vyeti vyote vya uzalendo ulimwenguni vingemwangukia wakati huo asingeshangaa.

"Daktari," alisema, "na kama huyo fundi ni mama wa watu tu, mcha Mungu, asiyejua?"

"Hao ndio wanaoshona vizuri zaidi."

"Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Turubai."

Daktari Bupe alimtazama mgonjwa wake. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akaweka chombo chini, akajifuta macho kwa sehemu ya juu ya mkono.

"Usinichekeshe, mama, tafadhali. Nikicheka mkono unayumba. Pindo umepiga mara mbili?"

"Mara tatu," Sifrosa alinong'ona. "Tangu mwaka jana."

"Mungu wangu. Vuta pumzi. Utasikia kuvutwa kidogo."

Alisikia kuvutwa kidogo. Kisha daktari akamwonyesha kitu kidogo chekundu ndani ya kichupa, kama punje ya haragwe, kama nesi alivyosema.

"Kimekwisha. Kitapimwa, lakini kwa macho yangu ni kinyama kisicho na ubaya."

Sifrosa alikitazama. Kazi yote ilichukua muda wa kupindia mkono mmoja wa gauni. Aliwaza miaka aliyokaa uani akiimba zaburi juu ya pasi, akilinda kwa bidii, kwa sala na kwa uzi bora, mlango ambao nyuma yake jambo hili dogo lingeweza kufanyika. Aliwaza wanawake waliovuka na mabega yao. Aliwaza na wale ambao hawakuwa hata na mbuzi, ambao mabega yao hayakuvuka. Kwenye mazishi yao yeye ndiye aliyeimba sauti ya pili.

"Bwana," aliomba, "asante kwa kinyama. Kuhusu ujinga wangu, sijui una daktari gani."

*

Alipotoka nje bendi ilisimama. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Ng'ambo redio ilisema ni mvua, na watu walikuwa na miavuli. Bwana Lwitiko alisogea, kalamu mkononi, suti ikidondoka maji.

"Pole, mama. Kwa ajili ya taarifa ya taifa, niandike jino limetoka salama?"

"Andika ukweli, baba. Nilikuwa na kinyama kwenye mlango wa kizazi. Kimetolewa. Meno yangu yote yapo, nikikuuma utayahesabu."

Mpiga ngoma alikohoa. Afisa alishusha kalamu.

"Mama, hilo neno haliandikiki. Hatuna nafasi yake. Kuna jino, bega, jicho, sikio na goti."

"Basi acha wazi. Jibu hili lingine. Utepe wa chumba chetu anaukata nani?"

"Mgeni rasmi, mama. Unajua."

"Mgeni rasmi ni nani?"

Bwana Lwitiko alisimama wima kwa mazoea. "Mgeni rasmi ni mtu yeyote anayepokewa kwa bendi akitokea nje ya nchi."

"Na kwa Sheria ya Usawa, mimi nikivuka daraja lile kurudi, nitapokewa na nini?"

"Na bendi," alisema Bwana Lwitiko, kisha akasikia alichokisema.

Zilikuwa kanuni mbili zilizokaa kwenye kabati moja miaka yote, na hakuna aliyewahi kuziweka kwenye pumzi moja. Mama Yusta alikuwa wa kwanza kuelewa. Sauti yake ilikuwa imerudi.

"Na mimi mwaka jana nilipokewa kwa bendi! Jamani, nilikuwa mgeni rasmi na hamkuniambia!"

"Mama, tafadhali, shusha sauti," afisa alisihi. "Haya ni mambo makubwa. Barua ya mwaliko imemtaja Mheshimiwa. Ukikata utepe ule mimi nitaulizwa. Na hata hivyo hautakatika. Mkasi wa Serikali ni ule wa dhahabu, ni wa kuonyesha tu. Haukati hata karatasi."

"Wangu unakata turubai."

Bwana Lwitiko alimtazama, akatazama kliniki, akatazama upande wa nyumbani ambako jua la redio lilikuwa limefunika milima kwa mawingu meusi. Alipozungumza tena, suti ilionekana kumpwaya.

"Mama Ahimidiwe," alisema chini chini, "mke wangu analalamika bega. Muda mrefu sasa. Amekonda. Mimi nimekuwa nikimkanda kwa mafuta ya nazi kila siku."

Hakuna aliyecheka, hata wapiga tarumbeta.

"Wewe umekanda bega," Sifrosa alisema taratibu, "na mimi nimeshona utepe. Tumefanya kazi kwa bidii sana, mwanangu, sisi wawili."

Kisha akapanda kwenye kreti ya soda. Mama Yusta alimshika upande mmoja na Melania upande wa pili, kwa maana miguu bado ilikuwa haijatulia. Nesi alitoka mlangoni, na nyuma yake Daktari Bupe, akivua glavu. Sifrosa aliinua mkono wa kulia, kama alivyouinua kila jioni darasani, ila safari hii alikuwa na jibu.

"Mbele za Mungu aliyeumba hata yale yaliyobandikwa gundi," alisema, na sauti yake ya pili ikafika barabarani, "mbele ya kwaya hii niliyoidanganya ikaniimbia, mbele ya daktari wetu niliyemfukuza kwa turubai, na mbele yako wewe Bwana Afisa: leo hii nikivuka daraja, redio iseme jua au iseme theluji, kabla sijavua viatu vya safari na kabla sijanywa hata maji, nitachukua mkasi wangu nitaukata utepe wangu kwa mkono wangu. Na bega la kwanza kuingia mlango ule litakuwa la mke wako."